Mto wa Pamba Chini ya Goti

Mguu wangu wa kushoto ni mfupi kuliko wa kulia kwa upana wa vidole viwili. Nikikaa kitako muda mrefu haunyooki mpaka niusugue kwanza, na mvua ya vuli ikikaribia unavuta kwa nyuma, toka paja mpaka kisigino, kama mtu anayekunja kamba. Huko ndiko kupona kwangu. Nimelisema mapema ili anayesoma, au anayesomewa, asidhani mwisho wa maneno haya kuna mtu anakimbia.

Naandika kwa sababu watu wanakuja. Wanatoka Bungu, wanatoka Dimani, wengine wanavuka mto, wamebeba wagonjwa wao waliokunjika. Huyu goti, huyu kiwiko, huyu vidole vimejifunga kama ameshika kitu asichotaka kukiachia. Wanakaa barazani kwangu hapa Kibiti wakingoja, na kila mmoja anadhani mimi ni mganga. Si mganga. Chuoni nilifika juzuu ya tatu nikatolewa kwenda kufukuza nguruwe shambani. Herufi nilizotoka nazo ndizo hizi.

Nitawataja walionikunja. Watu huniambia, Athumani, vita vimekwisha siku nyingi, waliokufa wamekufa, waachie Mungu. Mungu anayo majina yao tayari. Nyinyi ndio hamnayo. Wa kwanza ni Feruzi, msimamizi wa shamba la pamba. Wa pili ni Pazi, kaka yangu, tumbo moja. Kuna wengine, nikiwafikia nitawataja.

Sisi watu wa milima ya kusini kwa asili, lakini baba yetu alihamia karibu na Bungu na huko ndiko alikokufa. Nyumbani tulibaki mama, Pazi na mimi. Siku hizo kila nyumba ilitoa mtu kwenda kulima pamba kwenye shamba la jumbe. Nyumba yetu ilinitoa mimi. Mwaka ule mtama wetu ulikuwa unaliwa na nguruwe, na mimi nikiwa nampalilia Mdachi pamba. Siku moja nikaondoka adhuhuri kwenda kuutazama mtama wetu. Feruzi akanifuata akanirudisha.

Feruzi hakuwa Mdachi. Alikuwa mtu wa hapa hapa, anajua mama yangu anaitwa nani. Akaniambia, "Athumani, weye nakujua, lala mwenyewe usinitie aibu." Nikalala. Viboko sikuhesabu, walihesabu wao. Katikati maumivu yalinigeuza ubavu, na vile vya mwisho havikushuka matakoni, vilishuka nyuma ya paja la kushoto, juu kidogo ya uvungu wa goti.

Ngozi ilipona. Hapo ndipo tulipodanganyika. Ngozi ilifunga vizuri kabisa, mama akashukuru, na chini yake paja likaanza kupata moto. Kwanza nilidhani uchovu. Kisha mtoki ukanivimba kwenye nyonga, homa ikaja kila alasiri, na paja likawa gumu kama fenesi bichi. Ukiligusa kwa kidole, nilikuwa naona nyota. Nikaanza kulala na goti nimelikunja, maana likikunjwa kidogo maumivu yanapungua kidogo. Msomaji, hapo shika vizuri. Mguu haukunjwi na ugonjwa peke yake. Unakunjwa na nafuu.

Wakati huo huo maneno ya dawa yakafika kwetu. Watu walikuwa wanakwenda Ngarambe kunywa maji, wakirudi wanasema risasi ya Mdachi itageuka maji. Pazi alikwenda. Alirudi na mabua ya mtama kichwani, na kibuyu cha maji yale, macho yake yamekuwa makali, si yale niliyoyazoea. Akaniinua kichwa akaninywesha. Kisha akamwambia mama masharti. Moja ndilo lililonipata: aliyekunywa asiguswe na chuma mpaka vita viishe. Chuma kikimwingia mmoja kwa ridhaa ya nyumba yake, maji ya ndugu zake wote yamefunguka.

Mama alimsikiliza, halafu akalitazama paja langu. Kesho yake alimwita kinyozi.

Kinyozi alikuwa mzee Kindamba, anayenyoa, anayetahiri, na anayepasua majipu ya kijiji kizima. Aliligusa paja mara moja tu. "Hili limeiva," akasema. "Lisipotokea nje litatokea ndani." Akaenda uani kunoa kisu. Aliporudi alimkuta Pazi amesimama mlangoni.

"Nipishe, mwanangu."

"Kwa heshima yako, mzee, hupiti na hicho kisu."

"Kuna nini tena?"

"Athumani kanywa dawa. Chuma hakimwingii."

Mzee Kindamba akafikiri kidogo. "Kama hakimwingii, niache basi nijaribu. Si hakitaingia?"

Majirani waliokuwa uani walicheka. Hata mimi, pamoja na homa yangu, nilicheka, na kile kicheko kiliniuma mpaka mgongoni. Pazi hakucheka. Akasema, "Mzee, kikimwingia yeye kimetuingia sote. Tuko watu wangapi tunaokwenda? Unataka wafe kwa jipu moja?"

Mzee Kindamba akamtazama mama. Ile ilikuwa nyumba ya mama. Neno lake lingetosha, maana Pazi alikuwa mkali lakini hakuwa amewahi kumvuka mama. Mama akatazama chini, akaokota kijiti, akakivunja vipande vidogo vidogo. Mzee Kindamba akafuta kisu chake kwenye nguo akaenda zake.

Mwezi ule ukaisha nikiwa hivyo. Nilikonda mpaka mbavu zikahesabika, lakini paja halikukonda, lilikula peke yake. Pazi alikuwa anakuja kila asubuhi kuniuliza hali. Alikuwa ananifukuzia nzi. Nataka mlijue hilo pia, kwa sababu nikimwita mkosaji nisije nikamfanya mtu ambaye hakuwa. Alinipenda, na alinizuilia kisu.

Kisha akaondoka na wenzake. Siku ya tano baada ya kuondoka, homa ilinipeleka mahali ambapo nilikuwa namwita baba, na baba alikuwa ananiitikia. Mama hakungoja tena. Alikwenda mwenyewe kwa mzee Kindamba alfajiri, Alhamisi, akamwambia, "Njoo na kisu." Nilishikwa na wanawake wawili wa jirani. Usaha ulijaza bakuli la udongo na kumwagika. Mzee Kindamba akatia kidole ndani ya jeraha, akakitembeza, nikaona uso wake umebadilika.

"Mama Pazi," akasema, "umeniita mwishoni. Nyama yote hii ya nyuma imekuwa maji."

Waliniahidi risasi zitageuka maji. Kilichogeuka maji ni nyama ya paja langu.

Baada ya kisu homa ilishuka. Nilianza kunywa uji. Mama alianza hata kuimba akitwanga. Ndipo akaja Mkwanda, kijana aliyeondoka na Pazi. Alikaa kizingitini, hakutaka kuingia ndani. Alisema walikuta bunduki zimewangoja. Pazi alisimama wima, haogopi, akapigwa hapa, Mkwanda akajishika chini ya titi. "Akatazama damu," akasema, "kama mtu anayeona kitu cha mwenzake. Akaniambia, nyumbani wamefungua."

Mama akauliza, "Ilikuwa siku gani?"

"Alhamisi, mama. Jua halijafika utosini."

Mama hakulia. Aliinuka akaenda shambani kwa Feruzi. Pamba ilikuwa imepasuka, nyeupe shamba zima, na hakuna wa kuichuma, maana wasimamizi wote walikuwa wamekimbia. Akachuma ya kutosha mto mmoja, akaushona kwa nguo yake kuukuu, akaja akaniinua goti kwa mikono miwili, polepole, akauweka chini yake. Maumivu yakanyamaza kama taa iliyopulizwa. Nikasema, "Alhamdulillahi." Akasema, "Lala, mwanangu. Umebaki weye tu."

Nililala juu ya mto ule miezi mingi. Kila nilipolia aliusogeza juu zaidi. Jeraha lilifunga, likaacha kovu gumu, limeshikamana na vilivyo chini yake. Paja, lililokuwa fenesi, likawa kijiti, ngozi juu ya mfupa. Nilipojaribu kusimama, mguu wa kushoto ulibaki umekunjika, kisigino kimeelekea matakoni, na nyuma ya goti kulikuwa na nyuzi mbili ngumu zimesimama chini ya ngozi kama kamba za kitanda kipya. Watoto wakaniita Kigoe, ile fimbo ya ndoano ya kuangulia matunda. Jina hilo ninalo mpaka leo.

Wakati huo askari walikuwa wanakwenda kijiji kwa kijiji wakichoma ghala, na watu wenye asili ya milimani walikuwa wanatafutwa kwanza. Waliojaliwa miguu walikimbia. Mjomba wangu na rafiki yake walinifunga kwenye nguo na mti, wakanibeba mpaka kwenye maji, tukapanda mtumbwi kushuka deltani, hadi Kiongoroni kwa dada yake mama. Mama alikuwa amebeba sufuria moja, jembe moja na ule mto.

Kiongoroni ni tope na mikoko. Huko ndiko nilikomjua Bi Siwema.

Bi Siwema alikuwa mjane wa mwindaji wa viboko wa mtoni. Mumewe alipokuwa akiwinda, yeye alikuwa akichuna, akiloweka ngozi kwenye maji ya magome ya mkoko, akikata kanda, akinyoosha. Kwa kuzoea kushika nyama na ngozi, watu wakaanza kumletea viungo vyao. Baraza lake lilikuwa la miti ya mikoko juu ya tope, na asubuhi tulikuwa tunakaa hapo tumepangana tukingoja kuitwa. Kungoja kule kuna harufu yake: mafuta ya ufuta yaliyochacha, moshi, na vidonda vya watu. Kila mtu anamtazama anayetoka, anapima amenyooka kiasi gani, anapima na zamu yake. Mzee mmoja, Ngwele, kiwiko chake kilikuwa kimekunjwa na jeraha la moto. Alikuwa akisema, "Mkono huu umebakia wa kula tu. Kutoa hautoi, kupokea haupokei, lakini kinywani unafika bila kupapasa." Tulicheka kila siku kwa maneno yale yale. Wenye njaa hucheka bure.

Siku yangu ya kwanza Bi Siwema alilishika lile goti, akalifinya nyuma, akauliza, "Nani kakukunja?"

"Feruzi na Pazi," nikasema.

"Sikuulizi majina. Umelazwa vipi mguu huu?"

Mama akajibu mbele yangu, kwa fahari kabisa. "Nilimwekea mto, dada. Sikumwacha hata siku moja."

Bi Siwema alimtazama mama, akautazama mto aliokuwa ameupakata.

Siku chache baadaye mtego wake ulinasa paa. Kabla hajaupika mguu wa paa yule alinikalisha nao. Akakata ngozi, akanionyesha utando mweupe uliofunika nyama, mwembamba kama ngozi ya kitunguu. "Huu ndio unaozuia nyama na nyama zisishikane," akasema. "Wako umeungua kwa usaha, ndiyo maana kovu limegandana." Akafuata nyama nyekundu kwa kidole mpaka mwisho wake, pale inapokuwa nyembamba, nyeupe, ngumu. "Nyama haishiki mfupa, baba. Nyama inavuta tu. Inayoshika ni hii kano." Akavuta nyama ya paja, na kwato ya paa, mfu yule, ikajikunja. Nilisisimka mwili mzima. "Umeona? Nyama ya nyuma inakunja, ya mbele inanyoosha. Ya nyuma kwako imeliwa nusu, iliyobaki imekaa fupi muda mrefu, sasa inaona ufupi ndio kwao."

"Itarefuka?"

"Ngozi ya kiboko inarefuka. Kwani weye ni mgumu kuliko kiboko?"

Kisha tukala ule mguu. Mimi, mama, dada yake na mzee Ngwele, kila mtu kipande kama kidole gumba. Sijala nyama tamu kama ile, wala sitakula.

Kazi yake ilikuwa hivi. Asubuhi nguo iliyochovywa maji moto, nyuma ya goti na kwenye kovu, mpaka ngozi iwe nyekundu. Halafu mafuta ya ufuta, na kidole gumba kikizunguka juu ya kovu, kulitenga na vilivyo chini. Halafu ananilaza kifudifudi kitandani, mapaja juu ya kitanda, mguu toka goti unaning'inia nje ya ukingo. Kifundoni ananifunga kikapu kidogo. Kiongoroni hakuna mawe, kwa hiyo kikapu kilijazwa tope. Siku ya kwanza konzi moja. Tope likikauka linakuwa jepesi, basi alikuwa anakuja kulinyunyizia maji, huku akisema, "Ngozi haivutwi kavu, wala haivutwi kwa hasira. Ukiivuta kwa nguvu inapasuka, halafu inarudi fupi kuliko mwanzo." Nilihesabu wakati kwa makonzi ya tope. Konzi ya pili ilikuwa mwanzo wa masika. Ya nne, mahindi ya watu wenye mahindi yalikuwa yanatoa mbelewele.

Nilimsimulia kiboko cha Feruzi nikiwa nimelala hivyo, uso chini. Mikono yake ilisimama juu ya kovu.

"Kilikuwa cha mviringo au kimesokotwa?"

"Kimesokotwa. Kina pande nne."

Kisha mikono ikaanza tena. "Cha mviringo ni cha watu wa juu. Vya kusokota vilitoka hapa. Mume wangu alikuwa akivipeleka kwa wafanyabiashara, na kusokota nilisokota miye. Nilikuwa navining'iniza pale pale ulipotundikwa weye."

"Basi na weye nitakutaja," nikasema.

"Nitaje. Lakini tulia, konzi ya tano hiyo inaingia."

Nimemtaja. Bi Siwema wa Kiongoroni, aliyekisokota kiboko kilichonikunja kwa mikono ile ile iliyoninyoosha. Sijui wapi pa kumweka, na nimejaribu miaka mingi.

Lakini mguu haukunyooka. Asubuhi ulikuwa unaachia kidogo, upana wa ukucha, jioni umerudi. Wiki, wiki mbili, upana ule ule. Bi Siwema alikuwa anapima kwa kamba yenye fundo, anaguna. Siku moja alikuja kwetu alasiri bila kubisha, akatukuta. Nimelala chali. Mto uko chini ya goti, na mama ameushika pembeni ili usiteleze.

"Ndiyo maana," akasema. "Asubuhi nanyoosha miye, jioni unakunja weye."

Mama akasema, "Analia."

"Alie."

"Weye hujazaa, Siwema."

Lilikuwa neno baya, na lilikuwa kweli. Bi Siwema alilimeza. "Sijazaa. Lakini nimenyoosha. Mama Pazi, huo mto ndio unaomlemaza mwanao. Kila anapopata nafuu juu yake, kano inajifunza ufupi. Utoe."

Akaenda. Mama aliutoa. Usiku ule nililia, na alfajiri niliamka nimelala vizuri, goti limeinuliwa, mto upo. Ikawa hivyo. Mchana anautoa, mimi nikilala anaurudisha. Kila nilipomwambia alisema, "Sikumbuki, mwanangu, labda mkono umekwenda wenyewe."

Njaa ilikuwa imeshika hasa. Mama alikuwa anakwenda topeni maji yakipwa, kuokota tondo, wale konokono wa kwenye mikoko, na alikuwa anarudi na tope mpaka kiunoni, vidole vimekatwa na chaza. Ananipa mimi kwanza. Anasema amekula njiani. Njiani pana nini pa kula? Mikono yake ilikuwa imebaki kano tupu. Alipokuwa akishika bakuli niliziona zikitembea chini ya ngozi moja moja, kama zile za mguu wa paa. Nilikuwa nataka kitu kimoja tu duniani: kusimama, niende topeni mimi, yeye akae. Kila konzi ya tope niliyoning'inizwa nilikuwa nasema moyoni, hii ni ya mama. Na kila asubuhi nilikuta mto.

Siku moja mchana nilikuwa macho, nimefumba tu. Nikahisi vidole vyake chini ya goti, vinaliinua, vyepesi. Nikamshika mkono.

Niliyosema ni haya. Nimewataja wengine, lazima nijitaje na mimi. Nilisema, "Pazi alinizuilia kisu kwa mdomo wake. Weye ulinyamaza. Ulipoita kisu ulichelewa kwangu ukawahi kwake. Na sasa unanikunja kwa mkono wako mwenyewe. Umetuua wote wawili."

Aliutoa mkono wake mkononi mwangu. Aliuchukua mto, akaupangusa kama una vumbi, akaenda kwenye mkeka wake upande wa pili wa chumba. Akajilaza, akauweka chini ya kichwa chake. Sikuwahi kumwona akiulalia. Kuanzia siku ile hakunigusa goti tena.

Na mguu ukaanza kunyooka. Andika hilo, Athumani, mguu ukaanza kunyooka. Konzi ya saba kisigino kilikuwa kimetengana na matako kwa shubiri mbili. Konzi ya tisa vidole viligusa ardhi. Bi Siwema alinisimamisha na fimbo mbili, nikapiga hatua tatu barazani, mzee Ngwele akapiga vigelegele kama mwanamke, watu wakacheka. Nikataka kwenda nyumbani kumwonyesha mama. Ilinichukua asubuhi nzima, mwendo ambao mtu mzima anaumaliza kabla mate hayajakauka.

Nilimkuta amelala kwenye mkeka. Nikasimama mlangoni, wima, kwa fimbo mbili. Nikasema, "Mama, tazama." Alifungua macho. Alitazama mguu, hakunitazama uso. Akasema, "Unauma?"

Nikasema, "Hauumi." Ulikuwa unauma kama moto.

"Basi vizuri," akasema, akafumba macho. Alikufa siku ya tatu yake. Nilikwenda topeni mwenyewe siku zile mbili, nikamchemshia tondo, hakuweza kumeza. Wanawake walipomwosha waliniuliza mto ufanyweje. Bi Siwema ndiye aliyeupasua, akaitumia pamba yake kwenye maziko, kama ilivyo desturi, maana Kiongoroni nzima hakukuwa na pamba nyingine. Pamba ya Feruzi imelala na mama yangu.

Feruzi alirudi vita vilipoisha. Aliishi hapa Kibiti mpaka uzee, akafa kitandani, akasaliwa na watu wengi. Mguu wake umenyooka kaburini. Pazi sijui alizikwa wapi, au kama alizikwa. Huja. Misuli ya paja inaponikaza alasiri, naiona miguu yake barazani, imeloa, na najua anataka kuuliza kuhusu kisu. Nampa jibu lile lile: kisu kilichelewa. Mama haji hivyo. Mama huja nikiwa nimesinzia. Nahisi vidole viwili vitatu chini ya goti, vyepesi, vinaliinua, na naamka nikisema "acha," na hapana mtu, na mguu uko chini, umenyooka.

Juzi alikuja mwanamke kutoka Dimani na binti yake, mtoto mdogo. Uji wa moto ulimmwagikia nyuma ya goti, kidonda kinafunga, ngozi inavuta. Mtoto alikuwa amelazwa barazani kwangu, na chini ya goti mama yake alikuwa ameweka kanga iliyokunjwa vizuri, pembe kwa pembe. Nilijua kabla sijafika. Mama wote wanaijua mikunjo ile.

Nikachuchumaa kwa shida, nikaishika kanga, nikaivuta. Mtoto akapiga kelele. Mama yake akanishika mkono, ana nguvu.

"Baba, unamuumiza."

"Namuumiza," nikasema. "Itabidi ngozi ivutwe leo na kesho na keshokutwa, mguu ulale chini, kwa mafuta na maji moto, polepole, mpaka kovu likomae. Na akilia, usimrudishie kanga."

"Sitaweza. Atanichukia."

Nikamtazama yule mtoto. Machozi yake yalikuwa yameingia masikioni. Nikamwinamia mpaka uso wangu ukawa karibu na wake, ili anione vizuri, ndevu, jino lililong'oka, vyote.

"Mimi naitwa Athumani Kigoe," nikamwambia. "Ndiye niliyekuondolea kanga. Mama yako alitaka kukuwekea, mimi nimemkataza. Ukiumwa leo usiku, unitaje mimi. Hebu sema, nani kakuondolea?"

Akanitazama kwa chuki safi kabisa, chuki ya mtoto. "Kigoe," akasema.

"Tena."

"Kigoe."

"Hivyo hivyo. Kila siku, mpaka upone."

Nikampa mama yake kanga. Alijifunga nayo, akambeba mwanawe, mguu mmoja ukining'inia umenyooka kidogo, na nilisikia sauti ya mtoto ikinitaja mpaka wakakata kona ya njia ya Dimani.